Maswali ya Wasomaji: Je, Madini Yabaki Ardhini?

SWALI: Mhariri, nasikia mchumi Jeffrey Sachs alibaini kwamba nchi zenye maliasili nyingi hukua polepole kiuchumi. Je, ni heri tusichimbe?

JIBU: La, ndugu msomaji. Utafiti alioutoa na Andrew Warner mwaka 1995 ulionyesha mwelekeo huo katika nchi zilizotegemea mno kuuza maliasili nje, lakini Botswana ilikwenda kinyume. Almasi ilipogunduliwa Orapa mwaka 1967, katika ardhi ya Bangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe, haki za madini ziliwekwa mikononi mwa taifa zima. Hatua hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa nzito kuliko zote. Baadaye serikali ilijadiliana na De Beers, kampuni ya kimataifa ya almasi, hadi ikapata nusu ya hisa za kampuni ya uchimbaji nchini humo, na mapato yakajenga barabara, shule na zahanati.