Laptopu ya zamani ikigoma, usikimbilie kupiga Windows

Ndugu na jamaa wakiniletea laptopu iliyogoma, nawauliza swali moja kabla hata sijaigusa: inaishia wapi? Kuna ile ambayo ukibonyeza swichi haitoi hata taa. Kuna inayowasha taa, feni inavuma, skrini inabaki nyeusi. Kuna inayoonyesha nembo ya kampuni kisha inazunguka weee mpaka unakata tamaa. Na kuna inayofika vizuri hadi kwenye Windows, ikipata moto tu, inajizima. Hayo ni matatizo manne tofauti. Ukiingia mjini bila kujua la kwako ni lipi, kuna uwezekano mkubwa ukaambiwa "tuipige Windows", yaani ifutwe na kuwekwa Windows upya, ukalipa, na kesho yake ukarudi palepale.

Isiyotoa taa kabisa, anza na umeme. Chaja nyingi huharibika siku umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo azima chaja ya jirani inayofanana na yako. Zifanane kweli: volti zile zile (Dell na HP nyingi ni 19.5), na ampea zisipungue zilizoandikwa kwenye chaja yako. Kwenye Dell angalia pia kile kisindano chembamba katikati ya kichwa cha chaja. Kikikatika, mashine haiitambui chaja na betri haijai, hata kama umeme unafika.

Chaja ikiwa nzima, chomoa kila kitu, toa betri kama inatoka, kisha shikilia swichi ya kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha chaja peke yake, bila betri, uwashe. Ikiwaka, mchawi ni betri. Ila betri ikiwa imevimba (utaona kibodi au sehemu ya kipanya inainuka) usiitoboe wala usiendelee kuichaji. Itoe, na usiirudishe tena.

Skrini nyeusi ndiyo inayowatisha watu kuliko zote, na ndiyo inayonipa raha. Mulika skrini kwa tochi ya simu, kwa upande. Ukiona picha hafifu, kompyuta inafanya kazi, iliyokufa ni taa ya skrini. Usipoona kitu, unganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Bado giza? Hesabu taa. HP nyingi hueleza tatizo kwa kumetameta kwa Caps Lock, Dell kwa taa ya betri inayobadilisha rangi. Andika idadi ya mimeto na utafute maana yake kwa jina la modeli yako.

Mama yangu mdogo anafundisha sekondari huko Bahi. Laptopu yake ya mtumba ilifanya hivyo karibu na mitihani, na fundi mmoja alishamwambia mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekwisha. Akanipigia: "Mwanangu, humo ndimo mitihani yangu ya muhula mzima ilimo, wasije wakanifutia." Nikafungua kifuniko cha chini, nikatoa ramu, kile kibamba cha kumbukumbu ya muda. Ile mistari ya rangi ya dhahabu ilikuwa imefifia. Nikachukua kifutio cha kawaida cha penseli, nikasugua taratibu pande zote mbili, nikapuliza mabaki ya mpira. Ramu unairudisha kwa kuilaza mshazari, unaisukuma hadi dhahabu ifichike karibu yote, kisha unaishusha mpaka vibanio viwili vya pembeni vilie "ta!". Ikawaka. Mama mdogo alitaka kuchinja kuku.

Ukiwa na ramu mbili, jaribu moja moja, na katika kila tundu. Jambo moja la kwetu: kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu mno, mwili unabeba umeme wa kusuguana na nguo. Toa betri, kisha gusa chuma cha dirisha kabla hujagusa chochote ndani.

Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoleta vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, upepo unavuma, na feni inameza kila kinachopita. Inayojizima ikipata moto, fungua uangalie kati ya feni na zile mbavu nyembamba za shaba au aluminiamu. Mara nyingi utakuta vumbi limeshonana kama kipande cha blanketi, na feni ikipuliza, joto halina pa kutokea. Ng'oa kwa kibanio, malizia kwa brashi laini. Ukitumia upepo wa mashine, zuia feni kwa kidole isizunguke ovyo.

Sasa inayoishia kwenye nembo, au inayorudia kujitengeneza bila kumaliza. Hapa ndipo watu wanapoteza mafaili. Tega sikio: diski ya zamani ikilia ka-ka-ka, zima. Usipige Windows, wala usianze kuikagua kwa chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski), maana diski inayokata roho haihitaji kazi ya ziada. Tengeneza fleshi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, kwenye kompyuta nyingine (GB 8 zinatosha), ichomeke, washa ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, kisha hamisha mafaili yako kwenda diski ya nje. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda mafaili, utahitaji ule ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Mafaili yakishatoka, weka SSD, diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka. Laptopu ya zamani yenye SSD hutaitambua kwa wepesi. Na saa ikirudi miaka ya nyuma kila ukizima, badilisha ile betri ndogo ya mviringo iliyo ndani. Nyingi ni CR2032, ya volti 3.

Kumbuka tu kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba hazina sifa za kuingia Windows 11. Kama kazi yako ni kuandika na kuingia mtandaoni, ile ile Linux Mint ya kwenye fleshi unaweza kuibakiza moja kwa moja.

Ukifanya yote haya na bado imegoma, mpelekee fundi mwenye vifaa vya kupima mazabodi. Kabla hujaiacha, ifungue mbele yake, piga picha ramu, diski na namba zake za utambulisho za kiwandani, na diski yenye mafaili ubaki nayo. Kupima mazabodi hakuihitaji.