Mapera ya Darling si njaa tu

Umeuliza kama mapera katika riwaya ya NoViolet Bulawayo, We Need New Names (2013), ni ishara ya umaskini peke yake. Mimi nasema hapana. Mwanzoni ndiyo, ni njaa: watoto wa kitongoji cha mabanda kiitwacho Paradise wanaenda kuyaiba Budapest, mtaa wa matajiri, wanakula mpaka matumbo yanafunga. Lakini Darling, msichana anayesimulia, akishahamia Marekani kwa shangazi yake Fostalina, anakula pera lililotoka nyumbani, na tunda lilelile sasa ni nchi nzima mdomoni. Chakula amekipata tele, ila njaa imebadilika sura.

Angalia pia majina. Kitongoji cha mabati kuitwa Paradise, yaani Peponi, ni kejeli ya wazi, na Detroit, mji wa Marekani anakoishi shangazi, watoto wanaitamka kwa namna inayosikika kama mji uliobomolewa. (Mwandishi naye alijipa jina jipya la kuandikia.) Kwenye mchezo wao wa nchi, kila mtoto anagombania kuwa Marekani. Darling anaipata Marekani yenyewe, halafu hawezi kurudi kwao hata kutembea, kwa sababu hana vibali.

Ukitaka kiini cha kukua kwake, soma tena pale Chipo, rafiki yake wa utotoni, anapomwambia kwenye Skype, wakiongea kwa kompyuta, kwamba ile si nchi yake tena, aliikimbia ikiungua. Kwangu hapo ndipo utoto unapoisha, wala si uwanja wa ndege.