Jibu: Kituo cha malezi kijijini na "hakuna fungu" la halmashauri

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: wananchi wamejenga kituo cha malezi ya watoto, walezi wanajitolea mwaka wa pili sasa, na kila mkienda halmashauri mnaambiwa hakuna fungu.

Kabla ya yote, fungua muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Je, kituo kimeandikwa humo kama kipaumbele? Sisi tulizungushwa muda mrefu kwa barua nzuri tu, kumbe ombi letu halikuwahi kupita kwenye mkutano wala Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kisichotoka chini hakina pa kuingia kwenye bajeti. Na muwahi: mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango hukusanywa miezi mingi kabla. Ukienda Mei umechelewa.

Kwenye ombi taja PJT-MMMAM, yaani Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya watoto wa miaka 0 hadi 8, iliyozinduliwa Tanzania Desemba 2021. Mwone afisa ustawi wa jamii, huyo ndiye mtu wenu, na muulize kuhusu usajili wa kituo.

Zile asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri msizitegemee kulipa posho za walezi. Ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hairejeshwi na watoto! Walezi wakiunda kikundi cha ufugaji, sawa, waombe.

Diwani wenu mmeshamshirikisha? Wetu ndiye aliyelisimamia ombi letu hadi baraza la madiwani.