Muulize Fundi: Rangi bado mpya, kutu imesharudi

SWALI: Habari fundi, nina sedani ya mwaka 1996, bodi yake kwa kweli ilikuwa safi ila ikaanza kuvimba malengelenge juu ya tairi la nyuma na kule chini ya milango. Nikapeleka kwa fundi wa bodi akasugua, akapiga puti, akapaka rangi, gari ikang'aa hadi majirani wakaniuliza nimenunua nyingine. Miezi mitano tu malengelenge yamerudi palepale tena makubwa zaidi. Nimepigwa au kutu haina dawa?

JIBU: Pole sana kaka. Kama umepigwa au la mimi sikuwepo siwezi kusema, ila kwa maelezo yako kutu ilifunikwa, haikutolewa. Chuma kikiliwa na kutu kinaumuka, ile kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ndo maana rangi inasukumwa juu inafanya lengelenge. Na kwenye mdomo wa madigadi mara nyingi inaanzia ndani sio nje, pale mabati mawili yamekunjwa pamoja, tope la tairi linajikusanya kwenye mkunjo linashika unyevu siku kadhaa hata kama nje kumekauka. Sasa mtu akisugua nje peke yake huku ndani kunaendelea kuliwa, hapo rangi hata iwe ya bei gani haitakaa.

Halafu hiyo puti, ule udongo wa kujazia mabonde. Puti ya kawaida ya bodi inanyonya maji, ukiipiga juu ya kutu ni kama umeiwekea sponji. Jaribu hivi, chukua sumaku ndogo, ifunge na kitambaa usije ukachuna rangi, ipitishe taratibu pale palipotengenezwa. Ikigoma kushika ujue puti ni nene sana au bati halipo kabisa, umebaki na puti na rangi. Mimi nimeshakutana na puti nene kama kidole, na nyuma yake kuna gazeti limesokomezwa!

Ukiamua kurudia basi irudiwe toka mwanzo. Osha kwanza utoe tope na chumvi, chumvi inaharakisha kutu sana ndo maana magari ya pwani na ya nchi zinazomwaga chumvi barabarani kipindi cha barafu yanaisha mapema. Kausha. Vaa miwani na barakoa, sugua na brashi ya waya au grainda mpaka uone chuma cheupe, na usiishie pale lengelenge lilipoishia, vuka mbele sentimita 2 au 3 maana kutu inatambaa hata chini ya rangi unayoiona bado nzima. Vile vishimo vyeusi msasa usipovifikia paka dawa ya kutu, nyingi zina asidi ya fosfori, inaigeuza ile kutu iliyobaki kuwa kitu cheusi kigumu. Ila soma kopo lake, nyingine zinataka kuoshwa nyingine hazitaki, na haifanyi kazi juu ya kutu inayobanduka magamba, hayo yatoke kwanza.

Kisha praima, yaani rangi ya kwanza ya kutangulizia, siku hiyohiyo, tafadhali usilaze chuma kitupu, kukiwa na unyevu asubuhi unakikuta kimeshaanza rangi ya chungwa. Chagua praima ya epoksi, hii inaziba maji, tofauti na zile praima nyingi za kijivu za kusawazisha ambazo zinapitisha unyevu, watu wanapaka wanaiacha gari wiki tatu juani na mvuani eti imeshakingwa. Puti kama lazima iwepo iwe nyembamba na ije juu ya epoksi, ndo rangi, ndo klia, ile ya juu kabisa isiyo na rangi.

Umemaliza? Bado, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ndani ya ule ukingo wa chini ya milango kuna uwazi, kuna na vitundu vya kutolea maji, kwenye milango yenyewe pia vipo upande wa chini kabisa. Vikiziba kwa vumbi maji yanabaki humo kama kwenye ndoo. Vizibue na kijiti, acha pakauke vizuri, kisha pulizia nta ya ndani ya bodi, ile yenye mrija mrefu, hadi uone inachuruzika kwenye vitundu. Usivizibe tena! Kama hili halikufanyika tutaandikiana tena mwakani.

SWALI: Shikamoo fundi. Gari yangu inanuka ukungu na kapeti upande wa abiria linalowa hata nisipoosha. Juu kukavu kabisa. Itaoza?

JIBU: Marahaba dada. Itaoza ukiiacha, maana chini ya kapeti kuna sponji nene, juu unashika kukavu kumbe chini maji yapo wiki nzima. Inua kapeti lote litoke. Halafu tafuta maji yanakotoka kabla hujagusa rangi ya sakafu: mfereji chini ya waipa umejaa majani, mpira wa kioo cha mbele, mpira wa mlango, mrija wa sanrufu, au mrija wa kutolea maji ya AC umeziba. Mwambie mtu amwage maji nje kidogo kidogo wewe ukae ndani na tochi. Kama yale maji yanateleza na yana harufu tamutamu basi ni kulanti ya hita, yaani maji ya kupozea injini, hiyo ni kesi nyingine, mwone fundi.

SWALI: Mzee wangu alikuwa anapaka oili chafu chini ya gari, anasema haijawahi kuoza. Nifanye?

JIBU: Mzee hajadanganya, oili inafukuza maji. Ila inaharibu mipira na bushi, inadondokea ardhini, na ikifika kwenye breki utajuta. Tumia nta au grisi ya lanolini, ile ya mafuta ya manyoya ya kondoo, osha chini, iache ikauke siku mbili, pulizia ukikwepa diski, ekzosi na mipira. Ile lami nyeusi ngumu ya kupaka chini ya gari sina ugomvi nayo kwenye bati safi, lakini juu ya kutu inakuja kupasuka, maji yanaingia nyuma yake na huoni chochote mpaka siku jeki inazama.

SWALI: Jeki imezama kweli fundi, kumetoboka sehemu ya kuwekea jeki. Nibandike faibaglasi?

JIBU: Hapana. Hapo panabeba uzito, kilichooza kikatwe hadi kwenye bati zima na kichomelewe bati jipya, na anayechomelea achomoe betri, atoe kapeti, ajue mirija ya mafuta inapita wapi. Akiwa huko chini mwambie amulike mirija ya breki. Ikiwa na magamba au ina unyevunyevu popote, usiiendeshe hiyo gari mpaka ibadilishwe.