Kona ya Wakimbiaji: Raba Zinapopanda Ndege

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wasomaji wanaoondoka Arusha na Moshi kwenda ng'ambo, waliokwisha kufika huko, na wale waliobaki wakihesabu mapengo kwenye kundi la Jumamosi. Tumechagua tano.

Habari za kazi, wahariri. Mwezi Septemba naenda Uingereza kusoma mwaka mmoja. Hapa Sakina nakimbia na klabu ya jogging, kilomita 10 kila Jumamosi, na katikati ya wiki peke yangu. Kule sina ninayemjua. Nitapataje watu wa kukimbia nao bila kulipa ada za klabu?
*Mwanafunzi mtarajiwa, Sakina*

Dada yetu, anza na parkrun. Ni mbio za kilomita 5 za kila Jumamosi asubuhi kwenye bustani za umma, bure kabisa. Zilianza Bushy Park, London, Oktoba 2004 zikiwa na wakimbiaji 13. Leo ziko katika nchi nyingi, Ujerumani, Afrika Kusini na Australia zikiwemo. Jisajili mtandaoni ungali Arusha. Utapewa bakodi (barcode) yako, herufi A ikifuatwa na tarakimu, na hiyo hiyo itatumika nchi yoyote yenye mbio hizi. Ichapishe kwenye karatasi, uifunike kwa plastiki kama kitambulisho. Bakodi ya kwenye simu inakubalika, ila simu huzima kwa baridi na kioo chenye mvua hakisomeki. Asiye na bakodi haandikiwi muda, hata angeshika namba moja.

England zinaanza saa 3 kamili asubuhi, Scotland saa 3 na nusu. Tangazo litaandika 9:00 na 9:30, kwa hiyo usije ukaichukulia kuwa saa tisa. Wageni fikeni robo saa kabla, kuna maelezo mafupi ya njia. Mwisho wa mbio utaingia kwenye kijia cha kamba. Humo humpiti mtu wala hutoki pembeni, maana saa inahesabu kwa kufuata foleni. Utapewa kadi ndogo ya plastiki yenye namba ya nafasi yako. Mpelekee mwenye kifaa cha kusoma, asome kadi na bakodi yako, kisha umrudishie kadi. Wageni wengi huondoka nayo mfukoni wakidhani ni zawadi, na waandaaji wanabaki na namba iliyopotea.

Mchakamchaka hakuna. Watu watakimbia kimya, baadhi na spika za masikioni, nawe utadhani wamekununia. Mazungumzo yako baada ya mbio, kwenye mgahawa wa jirani. Kwa hiyo usikimbilie nyumbani kuoga. Ila njia ya haraka kuliko hiyo ya kujulikana ni kujitolea wiki ya pili au ya tatu: kusimama kwenye kona na kuelekeza watu, kugawa kadi, au kutembea mwisho kabisa na wa nyuma. Ukishasimama kwenye kona mara moja kila mtu anakusalimia Jumamosi inayofuata, na hapo ndipo utasikia nani anakimbia Jumatano jioni na wapi.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka hadi miji ya Uingereza pumzi itakuwa nyingi kuliko miguu. Wiki ya kwanza utajisikia una mbawa, utaongeza kasi na umbali, na wiki ya tatu ugoko utaanza kuuma. Barabara zako za huku nusu ni vumbi. Kule ni lami na zege mlango hadi mlango. Kama hapa unakimbia kilomita 30 kwa wiki, anza na 18 kwa wiki mbili, kisha 22, kisha 25, urudi 30 wiki ya tano au ya sita. Chagua nyasi na njia za udongo za bustani. Maumivu yaliyotawanyika kando ya ugoko, yanayopungua ukishapasha misuli, yatakubali mapumziko na kupunguza kilomita. Lakini ukiweza kuyagusa kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, na usiku yanakuamsha, acha kukimbia siku hiyo hiyo na umwone daktari, kwa sababu huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Nimepata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani. Nakimbia asubuhi, Soweto hadi Shanty Town na kurudi. Watu wananitisha kuhusu baridi. Ninunue nini Moshi na nini nisubiri kununua huko?
*Muuguzi wa kesho, Moshi*

Nguo nunua Moshi. Nguo za baridi zilizopo kwenye mitumba zimetoka huko huko unakokwenda, na soko la Memorial utazipata kwa bei ambayo Ujerumani haitakununulia hata soksi. Tafuta fulana mbili za ndani za mikono mirefu, taiti mbili, jaketi moja jepesi la kuzuia upepo, kofia ya kufunika masikio, glovu jozi mbili, na kitambaa cha shingoni cha kuvuta hadi puani. Soma lebo: poliesta au sufu, si pamba. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na ukisimama kwenye taa za barabarani dakika mbili mgongo unaganda. Vuta zipu mpaka mwisho na urudishe. Kunja mikanda ya kuakisi mwanga. Ikipasuka na kumenyuka, haiakisi tena. Jaketi la mvua la mtumba liache, utando wake wa ndani huwa umeanza kubanduka na hauonekani hadi ulifue.

Raba usinunue mtumba, hata kama soli ya chini inaonekana mpya. Sifongo ya katikati huzeeka ikikaa stoo na ndani ya robota. Ibonye kwa gumba: ikigoma kama ubao, imekufa. Ukifika nunua jozi mpya, upime jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiacha upana wa kidole gumba mbele. Jozi moja hudumu kilomita 500 hadi 800. Kwa kilomita 30 za wiki, hiyo ni miezi minne hadi sita.

Kuvaa: vaa kana kwamba nje kuna nyuzi 10 zaidi ya zilizopo. Nyuzi 10 zinatosha bukta na mikono mirefu. Kati ya 5 na sifuri, taiti, fulana ya ndani na glovu. Chini ya sifuri ongeza jaketi na kitambaa cha shingoni. Dakika kumi za kwanza lazima usikie ubaridi. Ukitoka mlangoni ukiwa umejipasha kama uko kitandani, kilomita ya tatu utaloa. Hatari yenyewe ni barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami, hasa asubuhi kwenye madaraja na vivulini. Siku hiyo fupisha hatua, au badili ukakimbie mchana. Hewa kavu ya baridi ikikubana kifua na kukuacha unakohoa kila mara, usidhani ni uzembe wa mazoezi. Kapime, inaweza kuwa pumu inayoamshwa na mazoezi.

Giza litakusumbua kuliko baridi. Berlin, katikati ya Desemba, jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Tochi ya kichwani na vesti ya kuakisi mwanga ni vya lazima. Uliza pia kuhusu vitamini D: ngozi nyeusi huitengeneza polepole kwa jua dogo la kaskazini. Uingereza, kwa mfano, wenye ngozi nyeusi hushauriwa kufikiria mikrogramu 10 kwa siku mwaka mzima.

Na barabarani kumbuka kugeuza mazoea. Huku magari hupita kushoto, nasi hukimbia kulia ili tuyaone yakija. Ujerumani yanapita kulia, basi pasipo na njia ya miguu kimbia kushoto, na ukivuka angalia kushoto kwanza. Kijia chenye rangi nyekundu kando ya barabara mara nyingi ni cha baiskeli. Ukikikalia utapigiwa kengele na kusemwa.

Ukianza zamu za usiku, kimbia kabla ya zamu, siyo baada yake. Mtu aliyekesha wodini hana miguu ya kukwepa barafu.

Nina miaka 64. Januari naenda Minnesota kwa mwanangu, miezi mitatu. Anasema nje hakukimbiliki, nitumie mashine ya kukimbilia ndani. Sijawahi.
*Mzee wa Kibosho*

Shikamoo mzee. Mwanao anasema kweli, Januari ya Minnesota si ya mchezo. Kuhusu mashine, la kwanza ni kwamba mashine za Marekani huhesabu maili. Ukibonyeza 10 ukidhani ni kilomita, mkanda utakimbia kilomita 16 kwa saa na utakurusha nyuma. Anza na 3.5, ambayo ni kutembea kwa haraka, kwa dakika tano. Kama kwako mwendo wa kawaida ni dakika 8 kwa kilomita, mwendo wako kwenye mashine ni kama 4.7. Kamba ya usalama ibane kwenye shati, simama kwenye kingo za pembeni mpaka mkanda uanze, na usishike vyuma ukikimbia. Weka mwinuko wa asilimia 1. Ukishuka, subiri dakika moja kabla ya kutembea. Kichwa huwa kinazunguka kidogo.

Naishi Uholanzi mwaka wa nne. Februari narudi nyumbani Uru na nimejiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Huku hakuna hata tuta. Nusu marathoni huku namaliza kwa saa 2 na dakika 5. Moshi nitegemee nini?
*Mkimbiaji wa tambarare*

Kaka, tegemea saa 2 na dakika 20 na ushukuru. Mwinuko wa Moshi kutoka usawa wa bahari ni mdogo, haufiki mita 1,000 pale mjini, kwa hiyo hewa siyo shida kubwa. Shida ni mlima na joto. Njia ya kilomita 21 inapanda kuelekea Mweka karibu nusu yote ya kwanza, kisha inarudi chini. Wanaotoka tambarare huharibu mara mbili. Huanza kwa kasi ya Uholanzi, dakika 6 kasoro kwa kilomita, na kufika juu wamekauka. Halafu wakigeuka hujiachia, na kufikia kilomita ya 15 au 16 mapaja ya mbele yanatetemeka. Mteremko humchana asiyeuzoea kuliko kupanda, kwa sababu msuli unafunga breki huku ukinyooshwa.

Wiki nane kabla, mara moja kwa wiki, tumia mashine: mwinuko asilimia 5, dakika 4 mara sita, ukitembea dakika 2 katikati. Kushuka hakufundishwi na mashine za kawaida. Tafuta jengo la maegesho lenye njia ya mzunguko, au ngazi za ghorofa, ushuke mara nane hadi kumi kwa hatua fupi za haraka, kifua mbele kidogo. Siku ya mbio, kila kilomita ya kupanda iwe polepole kwa sekunde 30 hadi 45 kuliko kasi yako ya kawaida. Ukishindwa kusema sentensi nzima, umezidisha.

Kwa joto, mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea. Fika siku kumi kabla ukiweza. Ukifika siku tatu kabla, ongeza dakika nyingine kumi kwenye hesabu yako. Kunywa kila kituo kidogo kidogo, wala usijaze tumbo maji matupu. Pakiti ya ORS kwenye lita moja, ukiinywa taratibu jioni ya kuamkia mbio na asubuhi yake, inasaidia wanaotoka jasho la chumvi. Namba yako kachukue mapema. Nyumbani watakupokea kwa machalari na mbege. Mbio ni Jumapili, mbege isubiri.

Kundi letu la Njiro limewapoteza watatu: London, Chicago na Dar. Tunataka kukimbia kilomita 5 siku moja kila mwezi na kulinganisha muda. Saa zetu za GPS zinatofautiana hadi mita 150 kwenye njia ile ile. Tupimeje?
*Katibu wa kundi, Njiro*

GPS hupotea chini ya miti na kwenye kona kali. Pimeni kwa baiskeli, asubuhi na mapema. Jazeni tairi la mbele upepo wa kutosha. Kwa tepu ya fundi pimeni mita 100 za lami iliyonyooka, mtie chaki mwanzo na mwisho. Fungeni kipande cha plastiki kwenye njiti kigonge uma kila mzunguko. Mpanda baiskeli awe juu yake, maana uzito wake hubadili kipimo. Tuseme mita 100 ni mizunguko 48 na robo: mzunguko mmoja ni mita 2.0725.

Pimeni mita 5,005 badala ya 5,000. Nyongeza ya moja kwa elfu ni desturi ya wapimaji wa njia, ili njia isije ikatoka fupi. Kwa tairi hilo ni mizunguko 2,415. Msaidizi aweke alama kwenye daftari kila mizunguko 100: alama 24, kisha 15. Fuateni mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona. Mkipima katikati ya barabara, wajanja watakata kona na kukimbia pungufu. Rudieni mita 100 mwishoni. Jua likishapanda tairi huvimba na hesabu husogea. Ikisogea, tumieni wastani.

Wa London akimbie njia ya parkrun, imekwisha kupimwa. Wa Chicago na wa Dar nao wapime hivi hivi. Muda mmoja wa kuanza msijaribu: saa 1 asubuhi ya Njiro, wakati wa baridi ya huko kwao, ni saa 10 alfajiri London na saa 4 usiku wa jana yake Chicago. Kubalianeni siku, kila mtu akimbie asubuhi ya kwao, matokeo yatumwe kwenye grupu kabla ya Jumatatu.