Dada, msuli wa mwanao haukukatika siku ya kujifungua

Dada yangu, umeandika kwamba binti yako wa miaka 9 akikunja mkono wa kulia kuna kamba inasimama katikati ya kifundo, lakini wa kushoto ni bapa kabisa. Na kwamba miaka yote hii unaamini ni kwa sababu alivutwa mkono wakati unajifungua. Nimeusoma uzi wako mara mbili nikashindwa kulala kabla sijakujibu, maana jambo hili nimeliona kwa macho yangu kwa watoto ambao hawakuwahi kufika kwenye mikono ya mkunga.

Nilifanya kazi miaka minne kama msaidizi katika maabara ya anatomia ya chuo kimoja cha udaktari. Nilimsaidia mwalimu aliyekuwa akichunguza mikono ya vijusi, yaani watoto ambao mimba ziliharibika, na wazazi wakaridhia watumike kwa mafunzo. Waliwekwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi miili isioze. Mwalimu alitaka tunyamaze kidogo kabla ya kufungua chombo, na desturi hiyo ninayo mpaka leo.

Kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, cha kijusi cha wiki 20 ni kifupi kuliko kidole chako kidogo. Unakifanyia kazi chini ya lenzi, unafunua ngozi kwa ncha ya kibano, halafu unakutana na utando mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai. Chini yake misuli imelala sambamba, myeupe kwa sababu ya dawa, kama nyama ya samaki aliyechemshwa. Tuliokuwa tukiutafuta unaitwa palmarisi longasi. Unaanzia upande wa ndani wa kiwiko, una nyama fupi juu, kisha kano ndefu, ile kamba ngumu ya mwisho wa msuli, inayoshuka katikati ya kigasha hadi kwenye utando mgumu wa kiganja. Ukiivuta polepole, ngozi ya kile kiganja kidogo inajikaza. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilikiweka kibano chini.

Sasa, kuna kijusi kimoja nakikumbuka vizuri. Mkono wa kulia kano ilikuwepo. Wa kushoto nilitafuta hadi macho yakauma, haikuwepo, na hapakuwa na kovu wala mabaki ya kitu kilichokatika. Misuli ya jirani ilikuwa imejipanga vizuri, imeziba nafasi yote. Kingine msuli ulikuwepo, ila umegeuka: kano juu, nyama chini karibu na kifundo.

Sababu iko mwanzo kabisa wa mimba. Kijichipukizi cha mkono hutokeza wiki ya 4, chembe za misuli huhamia humo, na upande wa mbele wa kigasha huanza kama fungu moja la nyama ambalo baadaye hugawanyika kuwa misuli mbalimbali. Kufikia wiki ya 8 hivi mgawanyo huo umeshajipanga. Palmarisi longasi ndio msuli unaobadilika-badilika kuliko karibu yote mkononi: kwa mtu mmoja haujitengi, kwa mwingine wanakuwa wawili, kwa mwingine umegeuka. Wiki ya 8 wanawake wengi wangali kwenye kichefuchefu cha mwanzo wa mimba. Hapo hakuna ulichokula, ulichobeba wala ulichokosea.

Tena kukosa msuli huo si jambo adimu. Vitabu vingi hutaja watu 15 hivi katika kila 100 duniani, ingawa kwetu ni wachache zaidi: uchunguzi wa watu 800 uliofanyika Uganda na kutolewa mwaka 2011 uliwapata asilimia 4.4. Nguvu ya kushika haipungui. Ndiyo maana wapasuaji huichukua kano hiyo bila wasiwasi kutengenezea sehemu nyingine. Mwaka 1974 Frank Jobe, daktari wa Marekani, aliitumia kujenga upya kiwiko cha mchezaji wa besiboli Tommy John, na yule bwana akarudi uwanjani miaka mingi.

Mtoto aliyeumizwa neva kwa kuvutwa wakati wa kuzaliwa huonekana tofauti. Mkono wote unaning'inia, bega halinyanyuki, kiwiko hakikunjiki. Wako umesema anachota maji, anaandika, anaruka kamba. Basi tua huo mzigo, dada.

Liko jambo moja tu nataka ulishike. Kano hiyo ikiwepo, chini yake kidogo hupita neva kubwa ya kiganja. Isipokuwepo, kitu cheupe cha kwanza anachoweza kukutana nacho mpasuaji ni ile neva yenyewe, na imewahi kutokea ikadhaniwa kano. Mwalimu alitufundisha kutazama: kano inang'aa, neva imefifia na ina vimishipa vya damu vinavyoambaa juu yake. Kwa hiyo siku yoyote binti akijikata kifundoni au akihitaji upasuaji hapo, mwambie daktari mapema kwamba mkono wa kushoto hauna kano hiyo.

Ukitaka kuhakikisha, mwambie agusanishe kidole gumba na kidole kidogo, kisha akunje kifundo kidogo kuelekea kwake. Jaribu na wewe, na baba yake pia, mikono yote miwili. Hali hii mara nyingine hufuata ukoo.