Viganja vya njano kwa sababu ya viazi lishe

Dada wa Buhongwa, umeuliza kama viganja vya mwanao kugeuka njano baada ya kula viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kila siku ni ugonjwa. Mtazame macho mchana, nje kwenye mwanga. Sehemu nyeupe ikiwa nyeupe kama kawaida, hiyo ni karotini tu, ile rangi ya chungwa ya viazi, imejikusanya kwenye ngozi nene. Punguza viazi, itaisha yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Macho yakiwa ya njano au mkojo umekolea kama chai ya rangi, mpeleke kituo cha afya leo hii.

Ila viazi msiache kabisa. Mwili huigeuza karotini kuwa vitamini A, nayo hulinda ngozi na macho. Bila mafuta hainyonywi vizuri, kwa hiyo mpe na kijiko cha karanga za kusaga au dagaa wa kukaanga.

Michembe, yaani viazi vilivyokatwa vipande na kukaushwa, ndiyo huharibu mambo. Vipande vikishinda juani juu ya mwamba, rangi hupauka na karotini inakwenda nayo. Kata vyembamba, milimita 3 hadi 5, anika kivulini penye upepo mpaka vivunjike ukivikunja, halafu hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, gizani. Na hata hapo, ile ya msimu uliopita usiitegemee.

Kupaka maji ya viazi usoni? Achana nayo, wala haitang'arisha ngozi.